Kufumua na Kushona Upya: Tovuti Binafsi Inapotafuta Shabaha

Mwaka 2003 Deb Perelman, mkazi wa New York, alikuwa na blogu ya kusimulia pilikapilika za kutafuta mchumba katika jiji lile. Miongoni mwa wasomaji wake alikuwamo mwanamume mmoja ambaye baadaye alikuja kuwa mumewe. Ndoa ikamaliza hadithi, kwani aliyekwisha kupata mwenzi hawezi kuendelea kuandika habari za kumtafuta. Mwaka 2006 akafungua ukurasa mwingine, Smitten Kitchen, akabakiza neno Smitten la blogu ya zamani na kulipeleka jikoni. Jiko lenyewe lilikuwa na futi za mraba 42, eneo lisilofika mita nne za mraba. Humo ndimo yalimotoka mapishi yaliyomfikisha kwenye vitabu, cha kwanza kikachapwa mwaka 2012.

Wanaosimulia kisa hicho husifu picha zake nzuri za chakula. Picha ni nzuri kweli, lakini zilikuja nyuma ya uamuzi. Perelman alijua kwanza kwamba sasa anamwandikia mtu anayepika kwenye jiko dogo, asiye na muda wala vyombo vya hotelini, na anayetaka kuambiwa ukweli kuhusu keki itakayogoma kuumuka. Jina, mpangilio, picha na hata urefu wa utangulizi wa kila pishi vilifuata hapo.

Mwenye tovuti binafsi hufikia njiapanda kama hiyo kila baada ya miaka michache. Anaifungua siku moja na kuiona imechakaa. Rangi zimepitwa na wakati, menyu inataja mambo asiyoyafanya tena, na makala ya karibuni ina umri wa miezi saba. Anamtafuta fundi, au anapakua kiolezo kipya usiku ule ule. Kesho yake tovuti inang'aa. Baada ya miezi saba mingine, makala ya karibuni ni ile ile iliyotangaza kwamba tovuti ina sura mpya.

Fundi cherehani anayeletewa gauni la zamani huuliza kwanza litavaliwa na nani, na wapi. Ndipo hushika wembe wa kufumulia. Kwenye tovuti watu wengi huanza na wembe.

Kwa Kiswahili suala hili lina historia yake. Ndesanjo Macha, mwanasheria na mwandishi Mtanzania aliyekuwa akiishi Greensboro, North Carolina, ni miongoni mwa waliotangulia kuandika blogu kwa lugha hii, kupitia Jikomboe, katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii. Wakati huo hata jina la chombo lilikuwa halijatulia. Wengine waliita blogu, wengine gazeti tando. Jikomboe ilichanganya siasa, utamaduni, lugha na teknolojia, na mchanganyiko huo ulikuwa na mantiki. Palipokuwa na blogu chache za Kiswahili, moja ilibidi iwe baraza zima. Macha huyo huyo alikuwa akisukuma pia Wikipedia ya Kiswahili, akiwahimiza wenzake waandike makala badala ya kusubiri wageni waziandike.

Mwaka 2005 Issa Michuzi, mpiga picha za habari kutoka Tanzania, alianza blogu yake akiwa Helsinki, Finland. Ilikuwa safu moja ndefu, jipya juu na la zamani chini: harusi, misiba, mikutano ya viongozi, sura za mitaani. Kwa mtaalamu wa usanifu ukurasa ule ulikuwa msongamano. Kwa Mtanzania aliyekuwa ughaibuni, anayefika kazini na kufungua kompyuta kabla ya kuvua koti, ulikuwa dirisha la nyumbani. Msomaji alijulikana, hitaji lake likajulikana, na sura ya ukurasa, hata ikiwa na vurugu, ilimtumikia.

Kisha mazingira yakabadilika. Facebook, Instagram na makundi ya WhatsApp yakaanza kubeba habari za msiba na harusi kwa kasi ambayo hakuna mwanablogu angeifikia. Blogu nyingi za Kitanzania zikabaki na kazi ya kupandisha kila asubuhi picha za kurasa za mbele za magazeti ya leo, zile zile zilizopandishwa na jirani dakika kumi zilizopita. Hapo ndipo tatizo la shabaha linapoonekana wazi. Ukurasa wa mbele wa gazeti ukiwa kwenye blogu kumi, hakuna hata moja iliyo ya mtu. Ukifuta jina juu ya ukurasa, msomaji hawezi kujua yuko kwa nani. Kubadili rangi ya menyu katika hali hiyo ni kupaka chokaa ukuta wa nyumba ambayo mwenyewe amekwisha kuhama.

Basi kazi ya kufumua inaanzia wapi? Inaanzia kwenye orodha. Tuchukue mfano wa mwalimu wa sekondari mwenye tovuti ya miaka tisa na makala mia mbili na arobaini. Anachora daftari safu nne: kichwa cha makala, tarehe, mara ngapi imesomwa mwaka huu, na swali moja la kujibu kwa ndiyo au hapana: angeiandika tena leo? Kazi hiyo inachukua wikiendi mbili na haina raha. Ndani ya orodha kuna salamu za mwaka mpya za miaka minane, pongezi kwa timu iliyokwisha kushuka daraja, ahadi za mfululizo wa makala ulioishia sehemu ya kwanza. Ila katikati ya vumbi hilo anakuta makala sita kuhusu namna ya kufundisha hesabu za sehemu kwa darasa la wanafunzi tisini lenye vitabu kumi na viwili. Aliziandika kwa hasira, kila moja jioni moja. Ndizo zinazosomwa hadi leo, na kwa kila moja jibu la swali la nne ni ndiyo.

Mwalimu huyo amekwisha kupata shabaha yake, na haikutoka kwa mshauri wa masoko. Ilikuwa kwenye makala zake mwenyewe, ikisubiri asome alichoandika. Tovuti nyingi za watu zina kiini cha aina hii, kimefunikwa na yale yaliyoandikwa kwa sababu siku ilifika ya kuandika kitu.

Hoja ya kuchagua jambo moja ina ushahidi mzito. Agosti 2002 Julie Powell, karani wa ofisi huko New York, aliamua kupika mapishi yote 524 ya kitabu cha Julia Child cha upishi wa Kifaransa kwa siku 365, na kuandika kila kilichotokea. Mipaka ilikuwa migumu kuliko ya blogu yoyote ya kawaida: kitabu kimoja, mwaka mmoja, jiko moja. Ndani ya mipaka hiyo aliweza kuandika kuhusu ndoa, kazi, woga na jiji lake, kwa sababu msomaji alijua kesho kuna pishi lingine. Kitabu kikafuata, na mwaka 2009 filamu.

Mfano ulio karibu zaidi na Afrika Mashariki ni wa Emeka Okafor, Mnigeria aliyeendesha blogu ya Timbuktu Chronicles kuhusu ubunifu na ujasiriamali wa Waafrika. Novemba 2006 gazeti la Daily Times la Malawi liliandika habari za kijana wa Kasungu aliyejenga kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli, miti na vyuma chakavu. Wanablogu waliokuwa Malawi wakaichukua habari ile, ikamfikia Okafor. Yeye alikuwa akiandaa mkutano wa TED uliofanyika Arusha Juni 2007, akamtafuta kijana huyo hadi akampata. William Kamkwamba, akiwa na miaka 19, akapanda jukwaani Arusha. Habari ya kinu kimoja kijijini ingepita kwa mtu mwenye blogu ya kila kitu kama habari nyingine yoyote. Ilimsimamisha Okafor kwa sababu kwa miaka kadhaa alikuwa amejizoeza kutazama upande huo mmoja, na kwa sababu waliotazama upande huo walijua pa kumpata.

Hiyo ndiyo faida ya shabaha ambayo washauri wa mitandao huitaja kwa nadra. Wao husema tovuti yenye mada moja hupandishwa juu na injini za kutafuta. Yawezekana. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mada hubadilisha macho ya mwandishi. Anayeandika kuhusu mikoko ya Rufiji kila wiki huanza kuona mambo ambayo mpita njia hawezi kuyaona, na watu wa Rufiji huanza kumtafuta.

Wakati mwingine shabaha huja yenyewe, tena kwa nguvu. Ory Okolloh alikuwa ameandika kwa miaka kadhaa kuhusu siasa za Kenya kwenye blogu yake ya Kenyan Pundit. Mwisho wa Desemba 2007, baada ya uchaguzi, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya habari, ghasia zikaenea, na blogu ile ikawa mahali pa watu kutuma waliyoyaona mtaani kwao. Taarifa zilikuwa nyingi kuliko uwezo wa mtu mmoja. Mwanzoni mwa Januari 2008 aliandika wazo la kuziweka taarifa hizo kwenye ramani, na mafundi wakaitikia, wakiwamo Erik Hersman, David Kobia na Juliana Rotich. Ndipo ikazaliwa Ushahidi, programu iliyotumika baadaye katika nchi nyingine nyingi kwa majanga na chaguzi. Hapa tovuti binafsi ilibanwa hadi swali moja tu, nini kimetokea na wapi, na swali hilo likahitaji umbo ambalo blogu haina. Safu ya makala, jipya juu na la zamani chini, haikutosha, ilihitajika ramani. Umbo lilifuata swali.

Hata hivyo si haki kuifanya shabaha kuwa sheria kwa kila mtu. Jason Kottke ameandika kottke.org tangu Machi 1998 kuhusu chochote kinachomvutia, kuanzia usanifu wa herufi hadi sayansi na michezo. Mwaka 2005 aliacha kazi na kuomba wasomaji wamchangie ili aandike muda wote. Mei 2022 alisimama kwa miezi kadhaa kupumzika, na wasomaji wakamngoja. Mwaka 2024 akaibadilisha sura ya tovuti bila kuigusa tabia yake. Kinachounganisha makala zake ni jicho lake mwenyewe, kwa kuwa amechagua kwa uangalifu ule ule kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Anayetaka kufuata njia hiyo ajue gharama yake: bila mada, mtu mwenyewe ndiye mada, na lazima aonekane kila siku.

Simon Willison, mtayarishaji programu Mwingereza, ana njia ya kati. Blogu yake ni ya tangu 2002, na miaka ya karibuni imeegemea sana upande wa akili unde. Hakuifunga ya zamani wala hakuanzisha nyingine. Aliongeza uzito upande mmoja, na lebo zinazopanga makala zake kwa mada humwezesha msomaji mpya kuingia kwenye jambo moja bila kupita kwenye miaka ishirini ya mengine. Kwa Mswahili mwenye makala za muda mrefu njia hii huenda ndiyo yenye busara zaidi, kwa sababu haimtaki aue chochote.

Hapo linaingia suala la umbo ambalo wengi huliruka. Blogu tangu asili ni mto. Kila makala huingia kwa tarehe, inasomwa siku mbili, kisha inasukumwa chini na inayofuata. Mwaka 2015 Mike Caulfield, mwalimu na mtafiti wa Marekani, aliutofautisha mto huo na bustani: tovuti ambayo kurasa zake hazipangwi kwa tarehe bali kwa uhusiano, na mwenye nayo hurudi kupalilia, kuongeza na kusahihisha. Zile makala sita za mwalimu kuhusu hesabu za sehemu ni mali ya bustani. Kuzipanga kwa tarehe ni kuziadhibu kwa kuzaliwa zamani. Zinastahili ukurasa mmoja wenye jina linaloeleweka, viungo vyake juu ya tovuti, na mstari unaosema zilifanyiwa marekebisho lini. Salamu za mwaka mpya zinaweza kubaki mtoni, zikaenda na maji.

Baada ya hayo ndipo sura ya ukurasa huja mezani, na msomaji wa Kiswahili ana mahitaji ambayo violezo vya kupakua havikumfikiria. Mei 2010 Ethan Marcotte alieleza namna ya kujenga ukurasa mmoja unaojipanga kulingana na upana wa kioo, na Aprili 2015 Google ikaanza kuzipa nafasi bora kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu kwa anayetafuta kwa simu. Leo karibu kila kiolezo hujipanga kwenye simu. Kujipanga peke yake hakutoshi.

Msomaji amekaa kwenye daladala ya Mbagala, simu ya bei nafuu mkononi, bando la siku limebaki robo. Anabofya kiungo alichotumiwa. Kioo kinabaki cheupe, kwa sababu ukurasa unasubiri faili za herufi za mapambo kabla ya kuonyesha neno lolote. Maneno yanakuja. Anaanza kusoma mstari wa tatu, picha kubwa inafika na kuusukuma mstari nje ya kioo. Anaurudisha kwa kidole. Tangazo nalo linafika, anabofya asichokusudia, na sasa yuko kwenye tovuti ya kamari. Makala ilikuwa nzuri. Hakuisoma.

Kila hatua ya mkasa huo ina dawa inayojulikana. Herufi za mapambo zinaweza kuachwa, simu ikatumia herufi zake yenyewe, au ikaelekezwa ionyeshe maneno kwanza na mapambo baadaye. Picha iandikiwe urefu na upana wake kwenye msimbo, ili kivinjari kiitengee nafasi kabla haijafika, na maandishi hayatarukaruka. Picha iliyotoka kwenye kamera ya simu ikiwa na MB nne ipunguzwe hadi KB mia moja au mia mbili. Kwenye kioo cha simu tofauti haionekani. Hesabu ni nyepesi: ukurasa wa MB tano ukifunguliwa mara mia mbili unakula GB nzima, na GB hiyo imelipwa na wasomaji. Kwa mwandishi anayesema anaandika kwa ajili ya wananchi wa kawaida, uzito wa ukurasa ni jambo la heshima kwa msomaji.

Lipo pia suala la lugha yenyewe kuonekana kwenye ukurasa. Tovuti nyingi za Kiswahili zina makala za Kiswahili ndani ya fremu ya Kiingereza: kitufe cha kuendelea kusoma, sanduku la kutafuta, majina ya miezi, hata ujumbe wa kosa ukurasa usipopatikana, vyote vimeachwa kama vilivyotoka kwa mtengenezaji. Kuvitafsiri ni kazi ya mchana mmoja. Chini yake kuna mstari mdogo usioonekana, unaokiambia kivinjari lugha ya ukurasa. Ukiachwa kwenye Kiingereza, programu inayomsomea kwa sauti msomaji asiyeona inaweza kuyatamka maneno ya Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza, na neno "makala" likatoka halitambuliki. Herufi mbili, "sw", zinarekebisha tamko hilo.

Maneno ya Kiswahili nayo ni marefu. "Wanaotutegemea" au "yasiyoshughulikiwa" hula nusu ya mstari kwenye kioo chembamba. Maandishi yakinyooshwa pande zote mbili, kama vitabu vinavyofanya, nafasi kati ya maneno huwa mashimo. Kwenye simu ni afadhali upande wa kulia uachwe huru. Saa pia inahitaji uangalifu: tangazo la mkutano wa saa 2:00 likiandikwa bila kutaja asubuhi, mchana au usiku, msomaji mmoja atafika saa mbili ya Kiswahili na mwingine saa nane.

Kinachosahaulika kuliko vyote ni anwani za makala za zamani. Fundi anapohamisha tovuti kwenda kwenye mfumo mwingine, anwani hubadilika: ya kwanza ilikuwa na mwaka na mwezi ndani yake, mpya ina jina tu. Mwenye tovuti haoni tofauti, kwa sababu yeye huingia kupitia ukurasa wa mbele. Wengine wote walioweka kiungo, iwe kwenye Wikipedia, kwenye tasnifu ya chuo, au kwenye ujumbe wa WhatsApp wa mwaka juzi, wanakuta namba 404, ishara kwamba ukurasa haupo. Mwaka 1998 Tim Berners-Lee, aliyevumbua wavuti, aliandika waraka akieleza kwamba anwani hazibadiliki zenyewe. Watu ndio huzibadilisha, na mara nyingi bila sababu ya lazima. Onyo hilo halikusikilizwa sana. Utafiti wa kituo cha Pew cha Marekani uliotolewa mwaka 2024 ulikuta kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 hazikufunguka tena muongo mmoja baadaye.

Kwa Kiswahili hasara hiyo ni kubwa zaidi, maana akiba yenyewe ni ndogo. Makala pekee ya Kiswahili kuhusu ugonjwa fulani wa migomba ikipotea, msomaji anayeitafuta hana ya pili ya kwenda. Kuzuia hasara si kazi ya ajabu. Seva huelekezwa kwamba anwani ya zamani imehamia kwenye mpya moja kwa moja, kwa namba 301, na vivinjari pamoja na injini za kutafuta vinatii. Makala mia mbili na arobaini ni mistari mia mbili na arobaini kwenye faili moja, na mara nyingi kanuni moja fupi inatosha kwa zote. Lililofutwa kwa makusudi liwe na ukurasa unaosema hivyo kwa Kiswahili na kuelekeza pa kwenda.

Kuna anayeuliza kwa nini ahangaike na tovuti yake wakati wasomaji wote wako Facebook na Instagram. Jibu liko kwenye kumbukumbu za karibuni. GeoCities, iliyoanza mwaka 1994 na kununuliwa na Yahoo mwaka 1999, ilikuwa makazi ya kurasa binafsi za mamilioni ya watu. Oktoba 2009 ikafungwa, na kilichobaki ni kile ambacho watu wa kujitolea waliwahi kukinakili. Google Reader, chombo ambacho wasomaji wengi walikitumia kufuata blogu, kilizimwa Julai 1, 2013. Google+ ikafuata Aprili 2019. Aliyekuwa na jina lake la kikoa, liwe la .co.tz au lile la .me.tz na .me.ke lililotengwa kwa watu binafsi, alibadilisha seva na kuendelea. Ada ya jina kwa mwaka ni ndogo, na jina likilipiwa kwa wakati linabaki la mwenyewe.

Tanzania ina gharama nyingine ambayo mchambuzi hawezi kuipita. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu wajisajili: shilingi 100,000 za maombi na 1,000,000 za leseni, kisha 1,000,000 nyingine kila mwaka, na adhabu isiyopungua faini ya milioni tano au kifungo cha miezi kumi na miwili, au vyote viwili. Juni 2018 tovuti ya mijadala ya JamiiForums ilizimika kwa muda, na blogu kadhaa za watu binafsi zikanyamaza. Kanuni hizo zimebadilishwa tangu hapo, mwaka 2020 na tena 2022. Lakini ukimya ulioanza wakati ule ulikata mazoea ya kuandika kwa watu ambao hawakuwa na tangazo hata moja la kulipia leseni, na wengi wa aina hiyo ndio waliokuwa wakiandika kuhusu jambo moja kwa mapenzi: mimea, historia ya mtaa, lugha ya kabila. Anayefumua tovuti yake Tanzania leo hana budi kusoma kanuni zinazotumika sasa kabla ya kuchagua mada, hasa mada ikigusa habari na mambo ya siku. Kwa kweli ni huzuni kwamba swali la "niandike nini" lina kipengele cha ada. Kukaa kimya kuhusu hilo kungekuwa kumdanganya msomaji.

Turudi kwenye shabaha yenyewe. Mwezi Aprili 2013 CERN, kituo cha utafiti kilicho Geneva ambako wavuti ilianzia, kilirudisha tovuti ya kwanza duniani kwenye anwani yake ya awali. Ni maandishi meusi kwenye weupe na viungo vya buluu, bila picha wala menyu. Mistari michache ya juu inaeleza mradi ni nini, kisha vinafuata viungo vya nani anahusika, namna ya kupata msaada, na kilichokwisha kufanyika. Iliwekwa hewani mwaka 1991, na simu ya bei nafuu leo inaifungua kabla kidole hakijainuka. Kurasa zilizoifuata zimefumuliwa mara nyingi na kuvalishwa kila mtindo. Ile inaeleweka bado, kwa sababu aliyeiandika alijua anamweleza nani na anamweleza nini.

Mwalimu wa hesabu za sehemu hahitaji zaidi ya hapo siku ya kwanza: ukurasa wenye jina lake, sentensi mbili za kueleza anaandika nini na kwa ajili ya nani, makala sita zilizorekebishwa, na zile nyingine kwenye kumbukumbu zikiwa na anwani zao. Asubuhi baada ya kuhamisha, achukue simu ya mtu mwingine, si yake, atafute viungo kumi vya zamani alivyowahi kuwatumia walimu wenzake kwenye kundi la WhatsApp, na avifungue kimoja kimoja akiwa na bando la kawaida.

Kisha aandike makala ya saba.